Vinara wa Sumu ya Mbwa Jikoni Mwetu

Kwa kasi, hakuna kinachoifikia zailitoli, sukari mbadala inayotiwa kwenye chingamu na peremende zisizo na sukari. Mtu akiila, kongosho lake halishtuki. La mbwa humwaga insulini kwa fujo, na ndani ya nusu saa sukari ya damu yaweza kuporomoka: anayumba, anatetemeka, anaanguka. Gramu 1 yatosha kumwangusha mbwa wa kilo 10. Ikizidi mara tano, ini nalo liko hatarini.

Kwa umaarufu ni chokoleti, ingawa nyeupe haina makali. Unga wa kakao ndio unaoongoza. Gramu 30 hivi zaweza kumtia degedege mbwa huyo huyo wa kilo 10. Theobromini iliyomo huganda mwilini, kwani nusu yake tu humchukua mbwa saa 17 au zaidi kuitoa.

Mimi taji ningelivika kitunguu, kwa sababu ya subira yake. Mbwa kala leo, leo mzima, kesho anacheza. Siku chache baadaye ufizi umepauka, anahema bila kukimbia, mkojo una rangi ya chai kavu: chembe nyekundu za damu zinapasuka. Kufikia hapo nani atakumbuka makombo ya Jumapili? Kibichi, cha kukaanga au cha unga, kitunguu ni kile kile, na kidogo kidogo cha kila siku hujumlika. Kitunguu saumu, gramu kwa gramu, ni kikali zaidi. Basi chungu cha biriani, chenye vitunguu vya kukaanga, saumu na pengine zabibu kavu, ndicho mlo mbaya kuliko yote wa kumwagiwa mbwa, nasi humwagia kwa roho safi kabisa.

Hizo zabibu ndizo zilizoficha siri kwa muda mrefu zaidi. Mbwa mmoja alikula akaishi, mwingine akala chache figo zikagoma, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo wa Marekani waliinyooshea kidole asidi ya tataria, baada ya kuona mbwa waliokula krimu ya tataria wakiugua vivyo hivyo. Asidi hiyo imejaa kwenye ukwaju. Wa pwani, makapi ya juisi yasitupwe uani.

Mwenye huruma kuliko wote ni karanga ya makadamia, inayolimwa kwa wingi Murang'a na Embu. Miguu ya nyuma hulegea, mbwa hutapika, na kwa kawaida baada ya siku mbili amesimama.

Na anayesingiziwa zaidi? Parachichi. Sumu yake huwadhuru zaidi ndege, sungura na mbuzi. Mbwa wengi huivumilia. Kokwa ndilo la kuogopa: likinasa kwenye utumbo, mara nyingi halitoki bila upasuaji.