Mtoto mchanga hashibi: maziwa gani ya kopo yanamfaa?

Mtoto ana wiki 3. Amenyonya, amelala kidogo, na kabla mama hajamaliza kufua nepi analia tena. Bibi anasema maziwa ya mama ni mepesi. Jirani anasema anunuliwe maziwa ya kopo, yale ya kushibisha. Ni yapi hayo?

Kabla ya kwenda dukani, itazame kwanza hiyo njaa. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, na kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, ni kawaida. Karibu na wiki ya 3, wiki ya 6 na mwezi wa 3, wengi huzidisha, hasa jioni, mpaka mama anaona hapati hata nafasi ya kula. Lakini kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo mwili wa mama unavyotengeneza maziwa mengi zaidi. Ukimpa kopo saa hizo, titi linapumzika, na baada ya siku chache maziwa yanapungua kweli. Hapo jirani ataonekana alisema sawa.

Kilio peke yake hakipimi shibe. Tazama mkojo: mtoto aliyepita siku 5 za kwanza anapaswa kulowesha nepi mara 6 au zaidi ndani ya saa 24. Tazama pia kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukipanda vizuri, anashiba. Usipopanda, mpeleke kwa muuguzi aone anavyoshika titi, maana mara nyingi tatizo liko hapo.

Wapo watoto wanaohitaji kopo kweli: aliyefiwa na mama, ambaye mama yake ni mgonjwa sana, au ambaye kliniki imeshauri aongezewe. Mama mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri kwa kawaida hushauriwa kunyonyesha, hivyo asiachishe kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wake.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 jibu ni moja: maziwa ya watoto wachanga yaliyoandikwa namba 1. Namba 2 hayamfai, hata awe na njaa kiasi gani, na hata baada ya miezi 6 si lazima kuhamia huko. Kopo la bei kubwa halishibishi kuliko la bei nafuu kama yote ni namba 1. Uingereza huuzwa maziwa maalumu ya "mtoto mwenye njaa", na wenye ndugu huko huweza kuletewa. Protini yake huchelewa kusagika tumboni, lakini haijathibitishwa kwamba mtoto hutulia au hulala zaidi. Maziwa ya unga ya kuwekea chai na maziwa mazito ya kopo yenye sukari si chakula cha mtoto mchanga. Ya ng'ombe au mbuzi yana chumvichumvi na protini nyingi mno kwa figo zake, na madini ya chuma kidogo.

Sasa piga hesabu. Mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji karibu mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 4 atakunywa mililita 600. Kopo la gramu 400 hutoa lita 3 hivi, yaani siku 5. Hayo ni makopo 6 kwa mwezi, na yataongezeka akikua. Zidisha kwa bei ya dukani kwenu kabla hujaanza, maana fedha zikipungua ndipo watu huongeza maji. Mtoto hunywa, tumbo hujaa, na uzito unashuka. Kuzidisha unga ili ashibe nako ni hatari, humkausha maji mwilini na kumfunga choo. Fuata kipimo cha kopo hilohilo, kwa kijiko chake, kilichosawazishwa. Uji usiingie humo.

Unga wa kopo unaweza kuwa na vijidudu. Chemsha maji, yaache yasizidi nusu saa, changanya yangali moto, kisha poza chombo kwenye maji baridi. Tumia kikombe kidogo safi, ni rahisi kuosha kuliko chupa ya chuchu. Kinachobaki mwage. Usiku weka maji ya moto kwenye chupa ya chai, si maziwa yaliyokwisha kuchanganywa, kwa kuwa joto hilo hukuza vijidudu.

Akilegea, akikataa kunyonya, akiwa na homa, akitapika kila anachokunywa, akiharisha, utosi ukibonyea au mkojo ukipungua, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na uende na kadi yake.