Daraja la Mawe Lipimwe Likiwa Jipya

Kasulu na Kibondo, ukiambiwa daraja la mawe unajua ni lipi: tao la mawe yaliyochongwa na mafundi wa vijijini, udongo wa saruji katikati, kifusi juu, wala nondo hamna. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wakisaidiwa na Ubelgiji kupitia shirika lake la Enabel, wamejenga mengi mkoani Kigoma. Mimi ni mhandisi wa barabara, na madaraja haya nayapenda kuliko ya zege. Ndiyo maana nataka yapimwe tangu siku ya kukabidhiwa.

Mama akinunua chungu sokoni hukigonga asikilize mlio. Daraja nalo lina mlio wake. Lori la mahindi likipita tao hutikisika, na kifaa kidogo kilichobandikwa ukutani huhesabu ni mara ngapi kwa sekunde.

Ofisini tunalichora daraja hilohilo kwenye kompyuta; mchoro huo ndio modeli. Programu huligawa katika maelfu ya vipande, kila kimoja na uzito na ukakamavu wake. Tabu ni huo ukakamavu. Wa nondo ya kiwandani unajulikana, lakini jiwe la mlima huu si la mlima ule, na saruji iliyokorogwa asubuhi si sawa na ya jioni. Kwa hiyo tunakisia. Tuseme modeli inasema mitikisiko 23 kwa sekunde, daraja lenyewe linasema 20. Inayorekebishwa ni modeli: unapunguza ukakamavu wa mawe, unalegeza msingi kidogo, unaongeza uzito wa kifusi, mpaka hesabu zipatane.

Hapo pana mtego. Njia nyingi huleta jibu moja, na kompyuta italegeza msingi ilhali kilicholegea ni maungio ya tao. Dawa ni kupima sehemu kadhaa za daraja, maana kila udhaifu hulitikisa kwa namna yake. Na anayerekebisha awe ameshaingia chini ya tao hilo kwa miguu yake.

Miaka ikipita, 20 ikawa 18, usiseme ni mbili tu. Ikiwa uzito haujabadilika, karibu sehemu ya tano ya ukakamavu imepotea, na modeli inakuonyesha pa kuanzia kuchunguza, pengine mto umekula mchanga chini ya ukuta. Lakini kifusi kilicholowa ni kizito, nacho hushusha hesabu bila ugonjwa wowote. Uswisi waliliona jambo la jinsi hiyo kwenye daraja la Z24, lililopimwa kwa miezi kabla ya kubomolewa mwaka 1998: baridi ilipogandisha lami, daraja lilionekana kukakamaa. Kwetu ni mvua. Kiangazi kilinganishwe na kiangazi.

Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.8. Likija jingine, mhandisi wa wilaya mwenye modeli iliyokwisha kurekebishwa atapima kesho yake na kujua lori lisivuke wapi. Asiye nayo atategemea macho, na ufa uliofunikwa na kifusi hauonekani kutoka barabarani.