Ubainishaji wa Mahali Ndani ya Majengo kwa Data Zinazochangwa na Watumiaji wa Simujanja

Mfumo wa GPS hutegemea mawimbi yanayotoka kwenye satelaiti zilizo umbali wa takribani kilomita 20,200 juu ya ardhi. Mawimbi hayo hufika yakiwa dhaifu mno, na kuta na dari za zege huyadhoofisha zaidi. Kwa sababu hiyo, simu inayomwongoza mgonjwa hadi mlangoni mwa hospitali aghalabu hushindwa kumwonesha ghorofa wala wodi anayoitafuta. Makala haya yanaeleza jinsi data zinazochangwa na watumiaji wa kawaida zinavyoweza kuziba pengo hilo. Hoja yake ni kwamba ugumu mkuu hauko katika kupata vipimo vingi, bali katika kujua kila kipimo kilichukuliwa wapi.

Msingi wa mbinu hii uliwekwa na mfumo wa RADAR, uliowasilishwa mwaka 2000 na Paramvir Bahl na Venkata Padmanabhan wa Microsoft Research. Kila sehemu ya jengo hupokea mawimbi ya vituo vya mtandao usiotumia waya kwa viwango tofauti vya nguvu; mkusanyiko wa viwango hivyo huwa alama bainifu ya sehemu hiyo. Katika ghorofa moja ya takribani mita za mraba 980 yenye vituo 3, watafiti hao walipima sehemu 70. Katika kila sehemu walielekea pande 4, kwa kuwa mwili wa mpimaji huzuia mawimbi, na kila upande ulichukuliwa sampuli zisizopungua 20. Kwa jumla, ghorofa hiyo moja ilihitaji sampuli zisizopungua 5,600. Kosa la kati lilikuwa baina ya mita 2 na 3. Hata hivyo, kituo kikihamishwa au ukuta ukiongezwa, sehemu ya kazi hiyo hulazimika kurudiwa.

Uchangiaji wa umma unalenga kuondoa gharama hiyo: simu hupima mawimbi huku mwenyewe akiendelea na shughuli zake. Lakini mpimaji aliyeajiriwa alijua aliposimama, ilhali mchangiaji hasemi yuko wapi. Akiombwa kuonesha mahali alipo kwenye ramani, huenda akakosea au akachoka.

Mfumo wa Zee, uliowasilishwa mwaka 2012, ulitoa jibu mojawapo. Kihisi mchapuko cha simu huhesabu hatua, na dira hukadiria mwelekeo. Makosa ya makadirio hayo hulimbikizana kadiri mtu anavyotembea. Kwa hiyo mfumo hutumia ramani ya jengo kuyasahihisha. Mwanzoni hukisia kuwa mtembeaji anaweza kuwa popote. Kila kisio linalopenya ukuta hufutwa, na baada ya kona kadhaa makisio yaliyobaki hukusanyika kwenye njia moja. Hapo mfumo hurudi nyuma na kuvipa mahali vipimo vilivyochukuliwa mwanzoni mwa safari. Kuta zilizokuwa kikwazo kwa satelaiti hugeuka kuwa ushahidi.

Ushahidi huo una mipaka. Katika ukumbi mpana usio na kuta za ndani, makisio machache tu hufutwa; katika jengo lenye pande mbili zinazofanana, njia mbili huweza kubaki zote zikikubalika. Aidha, simu mbili zilizowekwa pamoja huweza kuripoti nguvu tofauti za wimbi lilelile, hivyo ni salama zaidi kulinganisha tofauti baina ya vituo kuliko viwango vyenyewe. Vilevile, tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu inayotumiwa huruhusiwa kutafuta vituo mara 4 tu katika dakika 2. Mtu anayetembea mita 1 kwa sekunde atakuwa amesogea wastani wa mita 30 kati ya kipimo kimoja na kingine.

Zaidi ya hayo, njia inayohitajika kukipa kipimo mahali ndiyo hiyohiyo inayofichua mchangiaji alikwenda chumba gani. Inashauriwa, kwa hiyo, njia ikokotolewe ndani ya simu, na kinachotumwa kiwe kipimo, mahali kilipochukuliwa, na kiwango cha uhakika wake pekee. Kiwango hicho kisiachwe: kwa mwokoaji anayemtafuta mtu katika jengo lililojaa moshi, ghorofa iliyotajwa kimakosa ni hatari kuliko mfumo unaokiri kuwa hauna hakika.