Maambukizi ya Korona: Funzo la Udi na Dirisha

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilipotangazwa tarehe 13 Machi 2020, mapipa ya maji na sabuni yaliwekwa vituoni, na matatu za abiria 14 zikaamriwa kubeba 8 tu. Tarehe 8 Aprili, kuingia na kutoka Mombasa kukapigwa marufuku. Je, virusi hivyo vilitokaje kwa mtu hadi kumfikia mwenziwe? Makala haya yanafafanua suala hilo kwa kuzingatia maisha ya Mikindani.

Mtu aliyeambukizwa anapopumua, kusema, kuimba au kukohoa, hutoa chembechembe za majimaji zenye virusi. Zilizo kubwa huanguka karibu. Zilizo ndogo huelea. Mfano wake ni udi: chetezo kikishaondolewa chumbani, harufu husalia, na aingiaye baadaye huivuta. Dirisha likifunguliwa, harufu hutawanyika. Hatari huzidi kwa kuwa mtu huweza kuambukiza wengine siku mbili hivi kabla ya kuhisi homa.

Hapa ndipo lugha ilipogusa uhai. Mnamo Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikanusha kwamba korona huenea kwa hewa, likasisitiza matone. Mwaka 2021 likakiri kuwa hewa nayo hueneza. Aprili 2024 likatoa istilahi mpya, likiacha kuzigawa chembechembe hizo kwa ukubwa. Neno "matone" lilimfanya mtu aogope kitasa cha mlango, asiliogope dirisha lililofungwa.

Katika nyumba za vyumba vya kupanga, ambazo ni za kawaida Mombasa bara, Mikindani ikiwamo, ukumbi ni mmoja na familia ni kadhaa. Kumtenga mgonjwa humo ni muhali. Vivyo hivyo, matatu iendayo kisiwani wakati wa mvua hufungwa vioo, na abiria wote wakagawana pumzi. Kunawa mikono kuna faida, ila hakusafishi hewa.

Kinyume chake, wanaoketi barazani, upepo ukiwapitia, wamo katika hatari ndogo kuliko waliojifungia chumbani. Dharura ya kimataifa ilitangazwa kwisha Mei 2023, lakini virusi vingali vipo, na mafua makali nayo hupita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye kikohozi na avae barakoa, na dirisha lifunguliwe hata kama mvua yarasha.