Maduka Madogo na Duka Kubwa

Zamani katika nchi ya Marekani watu walinunua chakula kwa mwenye duka wa mtaani mwao. Mnunuzi alisimama mbele ya meza, akataja haja yake, na mwenye duka akampimia unga, sukari au kahawa. Asipokuwa na fedha siku ile, deni lake liliandikwa daftarini, naye akalipa baadaye.

Mwaka 1859 ilianza huko New York kampuni ya kuuza chai, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la A&P. Kampuni hiyo iliongeza duka juu ya duka, hata ulipofika mwaka 1930 maduka yake yalizidi 15,000. Bei zake zilikuwa nafuu, na sababu yake si ngumu kufahamu. Mwenye duka dogo hununua magunia mawili matatu kwa mfanyi biashara wa jumla, ambaye amekwisha kuongeza faida yake. Lakini mwenye maduka maelfu hununua shehena nzima kiwandani, akapunguziwa bei. Tena, tangu mwaka 1912 A&P ilifungua maduka yasiyokopesha wala kupeleka vitu nyumbani, kusudi gharama zipungue.

Basi wenye maduka madogo wakaingia taabuni. Wakishusha bei, walipata hasara. Wasiposhusha, wanunuzi waliwakimbia. Wengi wakafunga milango yao.

Ndipo mwaka 1926, mjini Chicago, J. Frank Grimes na wenzake walipoanzisha umoja ulioitwa IGA. Kila mtu alibaki kuwa bwana wa duka lake, lakini wote walitumia jina moja, wakatangaza bidhaa pamoja, wakaagiza vitu pamoja kwa wafanyi biashara wa jumla waliojiunga nao. Magunia mawili ya huyu na matatu ya yule yalipojumlishwa yakawa shehena, na bei ikapungua kwao pia.

A&P ilifunga maduka yake mwaka 2015; IGA ingali ipo. Hata hivyo, umoja haukuwaokoa wote. Maduka mengi madogo yamekufa, na kampuni nyingine kubwa zimeinuka. Lakini mwenye duka aliye peke yake hawezi kushindana na shehena kwa gunia moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.