Bomba la Dawa Halitoi Cheti cha Afya ya Mimea

Kila msimu wa maembe ukikaribia, wakaguzi wa afya ya mimea huulizwa swali lile lile: "Nipulize dawa gani ili mzigo wangu upite?" Muulizaji keshapata mnunuzi Ulaya, nafasi kwenye ndege imeshalipiwa, na zimebaki siku chache avune. Amechelewa kwa miezi.

Anayepuliza siku mbili kabla ya kuvuna anamwinda nani? Nzi wa matunda aina ya Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Funza huanguliwa humo humo na kuishi ndani ya tunda, mahali ambapo dawa ya kugusa haiwafikii. Embe litang'aa kwa nje huku ndani likiliwa. Mkaguzi naye hatazami mng'ao. Huchukua sampuli, hupasua, hutafuta funza. Akimkuta aliye hai, cheti hakuna.

Dawa hiyo ya dakika za mwisho huzaa kosa la pili. Cheti cha afya ya mimea huzungumzia wadudu na magonjwa. Mabaki ya viuatilifu yana kanuni zake na maabara yake. Kiuatilifu kisichowekewa kiwango mahususi, Umoja wa Ulaya hukubali miligramu 0.01 tu kwa kilo. Basi mkulima aliyekuwa na tatizo moja sasa ana mawili, na mlaji amelishwa sumu isiyoua hata funza mmoja. Muuza pembejeo anayeendelea kutoa ushauri huu anamwibia mkulima msimu mzima, na aache.

Kenya inaijua gharama ya nzi huyu. Mwaka 2014 ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, ikafungua tena mwaka 2021 baada ya kazi ndefu ya kumdhibiti mashambani, hasa Makueni. Dawa za kupuliza zilikuwa madukani miaka yote hiyo saba.

Yanayofaa yanajulikana. Mitego ya kunasa madume itundikwe matunda yangali machanga. Chambo cha protini kipulizwe sehemu ndogo tu ya mti. Kila embe lililoanguka liokotwe, lizikwe kina kirefu au lifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuachwa juani. Kulitupa mpakani mwa shamba ni kufuga nzi. Baada ya kuvuna, maembe yatumbukizwe katika maji ya moto ya nyuzi 46 hivi, kwa muda unaotegemea uzito wake, kwenye mtambo unaotambuliwa. Masharti ya nchi inayopokea yasomwe kabla ya kusaini mkataba. Mamlaka husika, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, ijulishwe mapema na ikague kabla mzigo haujaondoka. Wakala wa forodha hana uwezo wa kutoa cheti cha afya ya mimea.

Anayepeleka Ulaya nanasi, nazi, ndizi, tende au duriani hakihitaji: matunda hayo matano yamesamehewa.