Chujio Moja Haliwezi Visima Vyote vya Isiolo

Anayechota maji katika kaunti ya Isiolo hachoti maji ya aina moja. Mto Ewaso Ng'iro huja na tope na vijidudu kutoka juu. Maji ya chini ya ardhi ya Merti ni matamu katikati ya hifadhi yake, lakini pembeni yana chumvi. Tena mji wenyewe wa Isiolo umekaa chini ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, vyote vya volkeno, na kwenye miamba ya namna hiyo floraidi ni jambo la kupimwa, si la kukisiwa. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Vijidudu, chumvi na floraidi ni maradhi matatu yasiyo na dawa moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba kabla ya kununua machujio, kaunti inahitaji watu waliosomea sayansi ya nyenzo, yaani elimu ya jinsi udongo, madini na mifupa vilivyoundwa ndani na vinavyobadilika vikitiwa moto.

Chukua chujio la kauri, ambalo hutengenezwa hata Limuru. Mfinyanzi huchanganya udongo na unga wa mbao au pumba za mpunga, kisha huchoma tanurini kwa nyuzi za Selsiasi kati ya 800 na 900 hivi. Unga huungua na kuacha vitundu vidogo mno, maji yapite na bakteria wengi wanaswe. Virusi ni wadogo kuliko vitundu hivyo, kwa hiyo wengi hupenya. Chembe za nano za madini ya fedha zinazopakwa humo huua bakteria wanaosalia, lakini dhidi ya virusi msaada wake ni mdogo. Nguvu ya chembe hizo inatokana na udogo wake. Mchemraba wa sentimita 1 kila upande una eneo la nje la sentimita 6 za mraba. Ukikatwakatwa kuwa michemraba ya nanomita 1, eneo lote hufika mita 6,000 za mraba, karibu uwanja mzima wa mpira. Kazi yote hufanyika kwenye eneo hilo la nje. Hata hivyo chujio hili zuri halizuii chumvi wala floraidi, kwa sababu zimeyeyuka majini na hupita pamoja nayo.

Kwa floraidi kuna mkaa wa mifupa, ambao Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imeutumia kwa miaka mingi. Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo hubadilishana na maji: huyaachia sehemu yake na kuishika floraidi. Moto ndio unaoamua. Mfupa usipoiva vizuri, maji hupata rangi na harufu. Ukiungua kupita kiasi, fuwele zake hushikana, eneo la nje hupungua na floraidi hupita. Mji wa mifugo kama Isiolo haukosi mifupa. Wapo watakaouliza kama mfupa huo ni halali, na swali lao ni la haki. Hapa lina jibu rahisi kuliko kwingi, maana mnyama anayechinjwa Isiolo asili yake yaweza kufuatiliwa.

Mfano ulio karibu nasi wa kazi ya namna hii ni Askwar Hilonga wa Tanzania. Alisomea shahada ya uzamivu Korea Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, eneo lenye floraidi nyingi. Chujio lake linaunganisha mchanga wa kawaida na nyenzo za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ya pauni 25,000. Kwangu mimi, kubwa kuliko tuzo ni ule uamuzi wa kuanza na maji yenyewe.

Wengine husema tuchemshe tu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yakipungua kwa mvuke floraidi hubaki, na kuni nazo zinazidi kuadimika. Wengine huhofia madini ya fedha kuingia mwilini. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu chujio lisilopimwa halifai kuuzwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtaalamu huchukua miaka mingi kumsomesha, na kiu haingoji. Kweli, haingoji, basi maji ya dharura yaendelee kuletwa. Lakini chombo kilichonunuliwa bila kupima kisima hupoteza miaka hiyo hiyo, na mwishowe hubaki kopo tupu.

Kaunti ianze kwa kupima kila kisima, masika na kiangazi, na ibandike matokeo pale watu wanapochota. Kisha itenge basari kwa vijana wa Merti, Garbatulla na Kinna wakasomee nyenzo na kemia ya maji, kwa sharti la kurudi kufundisha nyumbani.